Goti ndo linauma, mbona mnanipiga picha ya nyonga?

Mwezi huu barua zimejaa magoti tu, na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, hizi CT (eksirei ya vipande vipande ambayo kompyuta inaviunganisha) na MRI (picha ya sumaku, haina mionzi) ambazo siku hizi mtu anapigwa kabla ya kuwekewa goti bandia, afu picha zinatumika kupanga mfupa ukatwe wapi. Nimechagua tano. Nikumbushe tu kwamba mi ni mpiga picha, nimekaa nyuma ya kile kioo miaka mingi, sijawahi kushika kisu, kwa hiyo nikigusia mambo ya chumba cha upasuaji ni yale niliyoyapata kwa kubishana na wapasuaji wenyewe, na tumebishana sana.

*Shikamoo. Mama ana miaka 68, goti la kulia limesagika kabisa na daktari kasema libadilishwe. Eksirei tulishapiga, tena mbili. Sasa wanataka CT na kwenye fomu wameandika nyonga, goti na kifundo cha mguu. Mama anasema wamekosea manake nyonga yake ni nzima. Au wanaongeza bili tu?*

Marahaba mwanangu. Fomu haijakosewa. Mpasuaji anapoweka goti bandia anakata ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi, ule mfupa mkubwa wa chini ya goti, kama milimita 8 mpaka 10 hivi, afu anavalisha chuma huku na huku na plastiki ngumu inakaa katikati. Kukata kwenyewe si shida, msumeno upo. Shida ni pembe. Na hiyo pembe huwezi kuipata kwa kuangalia goti peke yake, inapimwa kwa mstari unaotoka katikati ya kile kichwa cha mviringo cha nyonga na kushuka mpaka katikati ya kifundo cha mguu, sasa ukinipa picha ya goti tupu huo mstari nitautoa wapi? Ndo maana tunapiga sehemu tatu, nyonga kidogo, goti lote kwa vipande vyembamba sana, kifundo kidogo, na huko kwingine katikati tunaruka ili mama asile mionzi ya bure.

Njia ya zamani, ambayo bado inatumika sana na wala si mbaya, mpasuaji anatoboa tundu kwenye mfupa wa paja kwa chini, anasukuma fimbo ndefu ya chuma ndani ya uwazi wa mfupa, na kwa sababu kwa watu wengi fimbo hiyo na ule mstari niliousema vinapishana kwa digrii 5 mpaka 7, anaseti kifaa chake humo humo na kukata. Wengi wanatoka vizuri tu. Anayeumia ni yule ambaye paja lake lina upinde, au alivunjika ujanani mfupa ukaunga vibaya, au ana chuma cha zamani humo ndani na fimbo haina pa kupita. Huyo ukimkatia kwa kipimo cha watu wengi umemkosesha. Kwa mgonjwa wa namna hiyo picha za kupangia zinalipa kabisa na sibishani na mtu.

Kuhusu eksirei, kumbuka ile ni kivuli. Mama akigeuza unyayo nje kidogo tu, mguu ulionyooka unatokea kama una tege, na tege la kweli linaweza kujificha, nimeshaona picha mbili za mguu mmoja, siku moja, zinaonekana kama za watu wawili. CT inampa mpasuaji mfupa wenyewe, anauzungusha kwenye skrini anavyotaka. Lakini msizitupe hizo eksirei, hasa kama kuna ile ndefu ya kusimama, kuanzia nyonga mpaka chini. Kwenye CT mtu amelala, goti halijabeba kitu. Ile ya kusimama ndo inasema goti linakimbilia upande gani likishabebeshwa mwili.

Siku ya kipimo mwambie asitingishike. Kwenye mipango mingine tunafunga fimbo nyembamba ya chuma sambamba na mguu, kazi yake si kutibu, ni shahidi, manake mguu ukisogea kati ya nyonga na goti fimbo nayo inaonekana imevunjika kwenye picha na hapo hatuna ujanja, tunarudia.

Bili sasa. Kama paja la mama limenyooka, hana chuma wala mvunjiko wa zamani na mpasuaji wake anafanya magoti mengi kila mwezi, anaweza kutoka vizuri bila CT, hilo nakwambia mimi ambaye CT ndo inaniweka kazini. Kwa hiyo muulizeni kwa heshima, hii picha itabadilisha nini kwenye mkato wa mama? Akiwaonyesha kitu kwenye eksirei kinachomtia wasiwasi, au akisema upasuaji ni wa roboti inayosoma CT, lipeni. Akisema tu "ni teknolojia mpya", mulizeni tena.

*Mi ni mwanaume wa miaka 59. Nina matege tangu utotoni, na mpira nimecheza nayo hivyo hivyo. Goti la kushoto limeisha upande wa ndani. Daktari wa kwanza kasema ataunyoosha mguu kabisa. Wa pili kaangalia picha akasema ataniachia tege kidogo, la kwangu la asili. Nani anadanganya?*

Ndugu yangu, hakuna anayedanganya, umeingia katikati ya ubishi ambao haujaisha hata kwao wenyewe.

Kwa miaka mingi sheria ilikuwa moja, mguu unyooke, ule mstari wa nyonga mpaka kifundo upite katikati ya goti na ukikosea usizidi digrii 3 huku au huku. Sababu inaeleweka. Mzigo ukigawanyika sawa plastiki hailiki upande mmoja na chuma hakilegei upesi. Na imezaa matunda, tusiidharau, uchambuzi mkubwa uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti kamili kama 82 kwa kila 100 yanafikisha miaka 25 bila kufumuliwa.

Sasa wakaja Wabelgiji. Mwaka 2012 walichapisha kazi yao, walikuwa wamechukua vijana 250, wazima, hawaumwi goti, wa miaka 20 mpaka 27, wakawapiga eksirei ndefu za kusimama. Wakakuta asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake wana tege la digrii 3 au zaidi. Yaani karibu kijana mmoja wa kiume kati ya watatu, mzima, anakimbia, kwa ile sheria ya zamani mguu wake ni mbovu! Hapo ndo watu wakaanza kuulizana, hivi huyu akizeeka goti likaisha, tukimnyoosha tunamrudishia mguu wake au tunampa wa mtu mwingine?

Swali si la urembo. Goti limeshikwa na kano pande zote, zile kamba ngumu za pembeni, na zako zimekaa na matege miaka 59, ya ndani imezoea ufupi wake na ya nje urefu wake. Ukikata mfupa ili mguu unyooke kama rula, kano ya ndani inabaki imekazwa, mpasuaji inabidi ailegeze kwa kuichana kidogo kidogo, na wengine baada ya hapo wanasema goti wanalisikia kama la kuazima. Huyo daktari wa pili anataka kukata kiasi kwamba kano zako zibaki kama zilivyo. Kwa hilo anahitaji picha yako wewe, kipimo cha wastani hakimsaidii.

Lakini usishangilie bado. Matege yako sasa hivi ni mawili yaliyopandana, lile la kuzaliwa na lile lililoongezwa na gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kuisha upande wa ndani, goti likazidi kuangukia huko. La kwanza linaweza kuachwa. La pili lazima liondoke, manake hilo ni ugonjwa. Kuyatenganisha ndo kazi ya picha, ile eksirei ya kusimama ya miguu yote miwili, na kama goti la kulia bado zima linakuwa kielelezo kizuri, halafu CT au MRI inaonyesha mfupa wenyewe ulivyojipinda bila kuhesabu gegedu iliyokwisha. Na hata huyo wa pili hatakuachia lote, wapasuaji wengi wanajiwekea mpaka, kwa sababu tege likizidi mzigo unarundikana upande wa ndani wa muundi, na hofu ni kile kibati cha chuma kuja kulegea.

Kuna kitu kingine picha haikioni, nacho ni mkazo wa kano. Picha haivuti. Mpasuaji anaujua mkazo kwa mikono yake goti likiwa wazi, anasukuma mguu huku na huku anaangalia nafasi inafunguka milimita ngapi, au roboti inampimia. Kwa hiyo mpango wa skrini unaweza kubadilika digrii moja mbili mezani, na mpasuaji anayekuambia mpango hautabadilika hata chembe ananipa wasiwasi kuliko yule anayesema tutaona.

Ningekuwa mimi? Ningemrudia huyo wa pili nimuulize namba. Nina digrii ngapi sasa, ngapi ni za asili, utaniachia ngapi. Akizitaja huku ananionyesha kwenye skrini, nabaki naye. Akianza kuzunguka zunguka, narudi kwa yule wa kunyoosha, njia yake ina historia ndefu zaidi.

*Nina miaka 64. Niliwekewa goti miezi 11 iliyopita. Niliambiwa limetengenezwa kwa vipimo vyangu mwenyewe baada ya MRI, nikasubiri wiki 5 lifike. Ngazi bado ni vita na usiku linauma. Nikiuliza naambiwa picha zinaonyesha limekaa sawa. Hivi niliuziwa maneno?*

Pole sana mama. Naomba nianze na hilo la "limetengenezwa kwa vipimo vyako", manake nadhani hukuelezwa vizuri, na si wewe peke yako. Mara nyingi kinachotengenezwa kwa vipimo vya mtu si goti. Goti lenyewe ni la saizi za kiwandani, kama viatu, wanachagua linalokukaa. Kinachotengenezwa ni kiongozi cha kukatia. Picha zinapelekwa kwa mainjinia, wanajenga mfupa wako kwenye kompyuta, mpasuaji anapitisha mpango, halafu printa ya 3D inachapa vipande vya nailoni, vyepesi, na kwa ndani vimechongwa vifuate kila kibonde na kinundu cha mfupa wako. Mezani kinabandikwa kwenye mfupa, kinakaa sehemu moja tu, kinapigiliwa pini, na pini hizo au mpenyo wake ndo zinaongoza msumeno. Kikishamaliza kazi kinatupwa. Ndo hizo wiki zako tano. Yapo magoti yanayotengenezwa yenyewe kwa umbo la mtu kutoka kwenye CT, yapo kweli, ila ni machache, na karatasi zako za upasuaji zinatakiwa kusema uliwekewa lipi, una haki ya kuziomba.

Hivi viongozi vinasaidia? Nikuambie ukweli, vilipokuja tulivifurahia sana, mi mwenyewe niliwahi kwenda nyumbani na kimoja cha mfano nikawa nawaonyesha watoto. Tafiti zikafanyika nyingi, watu wakazijumlisha, na jibu limekuwa la kuvunja moyo kidogo: trei za vyuma vya kuchemsha zinapungua, dakika chache zinaokolewa mezani, lakini mguu kukaa sawa zaidi haikuthibitika kwa uhakika, na mgonjwa akiulizwa maumivu yake na kutembea kwake, tofauti na njia ya zamani haionekani. Na vina udhaifu wa kipuuzi. Kiongozi kimechongwa kufuata hata vile vimfupa vilivyoota pembeni mwa goti, mpasuaji mwenye haraka akiving'oa kwanza basi kiongozi hakina pa kukaa. Au kikitoka kwenye MRI kinakalia gegedu, kikitoka kwenye CT kinakalia mfupa mtupu na inabidi gegedu ikwanguliwe pale kinapogusa, na ukichanganya hapo umepotea kabla hujawasha msumeno.

Kwa hiyo hukuibiwa, ila uliahidiwa zaidi ya kilichokuwepo. Na hayo maumivu usikubali yafungwe na neno "limekaa sawa". Inajulikana kwamba kama mtu mmoja kati ya watano hafurahii goti lake jipya, hata picha zikiwa nzuri kabisa, na sababu ziko nyingi, maambukizi ya chinichini, chuma kinacholegea, kile kimfupa cha mbele ya goti kukaa vibaya, chuma kimezungushwa kidogo ndani au nje, kano zilizokazwa au kulegea, hata maumivu yanayotoka nyonga au mgongoni yakajifanya ni ya goti. Maumivu ya usiku mi ndo yananisimamisha hapo. Rudi uombe vipimo vya damu vya kutafuta maambukizi, wakiona vimepanda wavute maji ya goti wayapime. Uliza pia kama wamewahi kukupiga CT ya kuangalia mzunguko wa vyuma, kwa sababu eksirei ya kawaida inaweza kuonyesha mguu umenyooka safi huku chuma kimepinda kwa kuzunguka na wala huoni. Na kama goti linapata joto, jekundu, linatoa majimaji, au una homa, usisubiri miadi, nenda leo.

*Roboti ndo inakata yenyewe? Na ikikosea?*

Haikati yenyewe kama mnavyoona kwenye video. Kwenye aina inayotumia CT, mpango unaingizwa kwenye kompyuta kabla, mezani wanafunga pini mbili kwenye paja na mbili kwenye muundi zenye alama ambazo kamera ya infraredi inazifuata, mpasuaji anagusa sehemu nyingi za mfupa kwa kijiti ili mashine ilinganishe mfupa ule na picha yangu, halafu ndo anashika mkono wa roboti na kukata mwenyewe. Akitaka kutoka nje ya mpaka msumeno unagoma. Ikikosea mara nyingi ni kwenye ule ulinganishaji, au alama zimegongwa zikasogea, kwa hiyo wanahakiki hapo hapo kabla ya kila mkato, na wakiona haieleweki wanarudi kwenye vyuma vya kawaida. Zile pini zinaacha vitundu, mara chache sana mfupa umewahi kuvunjika hapo.

Wazo lenyewe la kuongozwa na kompyuta si la jana, goti la kwanza la hivyo lilifanyika Grenoble, Ufaransa, mwaka 1997, tena bila CT. Usahihi wa mikato unaongezeka kweli, hilo limeonekana. Lakini Korea Kusini walichapisha mwaka 2020 utafiti uliowafuatilia wagonjwa miaka zaidi ya 10, wa roboti ya kizazi cha zamani na wa mkono, na magoti yalidumu sawa na watu walijisikia sawa. Roboti za sasa ni tofauti na ile, ndo utetezi wao, na matokeo ya miaka 10 ya hizi mpya ndo kwanza yanakaribia. Mi kati ya roboti mikononi mwa mtu anayefanya magoti machache kwa mwaka, na fimbo ya zamani mikononi mwa mtu anayefanya kila wiki, namchagua wa fimbo.

*Maswali yangu ni mafupi. Nina betri ya moyo na nyonga ya chuma, naweza MRI? Picha za mwaka jana zinafaa? Na nikisinzia humo ndani?*

Betri ya moyo, sema kabla hujafika hata mlangoni, na ulete kadi yake. Nyingi za siku hizi zinaruhusiwa kwa masharti lakini lazima zisetiwe kwanza na mtu wa moyo awepo, za zamani mara nyingi hapana. Wengi wa namna yako tunawapeleka CT moja kwa moja. Nyonga ya chuma haikuzuii kwa kawaida ila inachafua picha kuizunguka, na kwa kuwa tunahitaji katikati ya nyonga kwa ule mstari, mwambie mpiga picha mapema aseti mashine ya kupunguza uchafu huo. Skrubu kwenye goti lenyewe ni mbaya zaidi kwa MRI, hapo CT tena.

Picha za mwaka jana, hapana. Goti bovu linaendelea kulika na vimfupa vinaendelea kuota, kiongozi kikichongwa kwa goti la mwaka jana kitakuja kucheza juu ya goti la leo. Zile za miezi michache zinakubalika, muulize atakayepanga mpango anaweka kikomo wapi.

Kusinzia ruksa, kukoroma ndo tatizo. MRI ya kupangia goti inaweza kuchukua nusu saa na makelele yote yale bado watu wanalala, sijui wanawezaje. Nilikuwa na mzee mmoja, mpole sana, dakika ya tano keshalala, na kila akivuta koromo kidole gumba cha mguu kinaruka juu. Picha ya kwanza goti lina kingo mbili. Nikaingia nikamwekea mifuko ya mchanga pande zote, nikamfunga na mkanda, ya pili ikatoka nusu nzuri. Ya tatu nilimwomba mkewe aingie, tukampima kwanza asiwe na chuma popote, akakaa kwenye kiti pembeni, na kila mzee akianza kukoroma anamfinya kidole cha mkono. Ikatoka kali kuliko zote za wiki ile.